Sentensi Zangu Arobaini

Kosa ninalotaka kulianika hapa ni kujifanya kuelewa. Silihesabu miongoni mwa makosa madogo. Mwongo wa kawaida hutumia maneno, na maneno yanaweza kushikwa, kupimwa na kukanushwa. Anayejifanya kuelewa hatumii neno hata moja. Huinamisha kichwa tu, hutabasamu, na mwenzake huondoka akiamini kwamba ameutua mzigo wake mahali salama. Nimesoma vitabu vingi vya maadili, na sikumbuki hata kimoja kilicholitengea kosa hili sura yake. Labda waandishi wake nao walikuwa nalo.

Mimi ni afisa wa wafanyakazi katika shamba la maua kando ya Ziwa Naivasha. Familia yangu iko Nakuru. Siku za kazi hulala katika chumba cha kupanga mjini Naivasha, na Ijumaa jioni hurudi nyumbani. Kazi yangu ni watu: kuwaajiri, kuwapa likizo, kuwaonya, na inapobidi, kuwaandikia barua ya mwisho. Katika pakihausi, lile jumba refu ambamo maua ya waridi hupangwa kwa urefu wa shina na kufungwa tayari kwa safari, kulikuwa na wafanyakazi kumi na wanne viziwi, karibu wote wanawake. Meza yao ilikuwa ya pili kutoka mlangoni, nayo ilisifika kwa kazi safi. Kila nilipokuwa na jambo la kuwatangazia, mkalimani wa lugha ya ishara aliitwa kutoka Nakuru, mwanamume mpole aliyevaa shati jeusi kila mara ili mikono yake ionekane vizuri.

Nilimwonea wivu, nakiri. Nilipokuwa nikizungumza, hakuna kiziwi aliyenitazama. Wote walimtazama yeye. Maneno yalikuwa yangu na macho yalikuwa yake. Mtu aliyezoea kutazamwa anaposema halisamehi jambo hilo kwa urahisi.

Basi nikaamua kujifunza, nikiwa na miaka arobaini na minane. Sikutaka kuketi darasani pamoja na vijana wa chuo. Nikapata habari za mwalimu mmoja mjini Nakuru, mwanamke mwenye chumba juu ya duka la dawa, aliyefundisha watu wa kazi mmoja mmoja: muuguzi peke yake, karani wa benki peke yake, polisi peke yake. Kabla ya somo la kwanza alimpa kila mtu fomu. Unafanya kazi gani? Unakutana na nani? Ni sentensi zipi unazozisema kila wiki?

"Mimi sifundishi lugha nzima kwa mkupuo," aliniambia. "Nakushonea saizi yako."

Neno hilo lilinifurahisha kupita kiasi. Nilichukua siku mbili kuijaza fomu ile, kwa mwandiko wangu bora, na nilipomaliza nilikuwa na sentensi arobaini. Ninayo nakala mpaka sasa. Vaa glavu. Mkutano utaanza saa nane. Likizo yako ya uzazi imekubaliwa; hongera kwa mtoto. Hili ni onyo la kwanza. Una la kusema zaidi? Asante, rudi kazini.

Mwalimu alizisoma zote akigongagonga meza kwa kalamu.

"Hizi ni zako, bosi. Na wao watakuambia nini?"

"Hilo nitalimudu likifika."

"Hujaweka hata swali moja."

"Lipo. Una la kusema zaidi?"

"Hilo si swali," alisema. "Hiyo ni njia ya kumwambia mtu atoke."

Alipendekeza tuanze na ishara za asiyeelewa: rudia, polepole, sijakupata. Nikamwambia, kwa upole wa mtu anayejiona amesoma kumzidi mwalimu wake, kwamba nilikuwa na Jumamosi chache na nisingependa kuzipoteza kwa mambo ya kitoto. Alinitazama kidogo, akaikunja fomu, tukaanza na glavu. Simlaumu. Alinishonea nguo niliyoitaka, kwa vipimo nilivyompa mwenyewe.

Nilikuwa mwanafunzi hodari. Baada ya Jumamosi kumi na mbili niliweza kusimama mbele ya kioo cha sebuleni na kuzitoa sentensi zote arobaini bila kukwama. Mke wangu alinitazama kutoka mlango wa jikoni, mwiko mkononi.

"Uko na mikono mizuri, baba watoto. Sasa ukiongeleshwa wewe, itakuwaje?"

"Nitaitikia."

"Kama unavyoniitikia mimi? Nimekuambia gesi imeisha, ukatikisa kichwa. Nikarudia, ukatikisa tena. Sikuomba ukubali. Nimeomba uende ulete gesi!"

Nilicheka. Nilikwenda kuleta gesi. Onyo nikaliacha palepale jikoni.

Jumatatu iliyofuata nilisimama mbele ya pakihausi na kutoa tangazo la usalama kwa mikono yangu mwenyewe. Wanawake wa meza ya pili waliacha makasi. Nilipomaliza waliinua mikono juu na kuitikisa, ndivyo wanavyopiga makofi, na nikahisi jinsi anavyohisi mhubiri pale kanisa zima linaposema amina. Meneja wa pakihausi alinipiga bega. "Kumbe tuna mtu wetu hapa ndani!" Kabla ya wiki kwisha, jina langu lilikuwa limebandikwa kwenye ubao wa matangazo: mkalimani wa kampuni. Yule wa shati jeusi hakuitwa tena.

Hapo ndipo mlango ulipofungwa, na aliyeufunga ni mimi. Nilipaswa kwenda kwa meneja siku hiyohiyo na kusema: Ninaweza kusema mambo arobaini, nikijibiwa, sielewi hata manne. Niliitunga kauli hiyo kila asubuhi nikinyoa ndevu. Niliifikisha mpaka kwenye kizingiti cha ofisi yake mara nyingi, na kila mara nikamuuliza jambo jingine kuhusu zamu au viatu vya mpira. Kila siku iliyopita iliifanya kauli ile iwe nzito zaidi, maana sasa ningelazimika kueleza pia kwa nini sikuisema jana.

Viziwi, kwa upande wao, walifurahi kupata ofisi yenye mikono. Walinijia. Walinijia kwenye foleni ya chakula, kwenye ngazi, hata nje ya choo. Vidole vyao vilikwenda kasi kama sindano ya cherehani, na nyuso zao zikasema nusu ya habari ambayo sikufundishwa kuisoma, kwa kuwa sikuomba nifundishwe. Nilitikisa kichwa. Nikitikisa walitabasamu, na wakitabasamu nilitikisa tena. Kisha nilitoa sentensi mojawapo kati ya zangu, ikiwa imenyooka na safi, wakaenda zao.

Nikaanza kujificha. Nilipita mlango wa nyuma wa pakihausi, ule wa chumba baridi, nikatetemeka bila sababu mara mbili kwa siku. Nilianza kutembea na faili mikononi, maana mtu mwenye mikono iliyojaa haombwi kuzungumza kwa mikono. Kwa miezi kadhaa nilibeba faili lilelile, lenye karatasi za mwaka uliopita, nikazunguka nalo shamba zima. Nilikuwa mfungwa anayetembea na kufuli lake.

Sasa nije kwenye tangi la maji.

Ilikuwa Alhamisi, katika zile wiki za Januari ambapo dunia nzima hutaka waridi kwa siku moja, ile ya wapendanao ya Februari, na shamba halina nafasi ya kupumua. Nilikuwa nikipita kando ya tangi la maji, lile lililo kati ya pakihausi na ofisi, faili likiwa kwapani. Msichana mmoja wa meza ya pili alinikimbilia. Namwita msichana kwa umri wangu; alikuwa mama, na alipanga chumba kimoja katika mtaa wa Karagita. Alinisimamisha kwa kugusa kiwiko changu, akaanza kuzungumza. Niliiona ishara ya mtoto, kwa sababu ilikuwamo katika sentensi yangu ya likizo ya uzazi. Niliiona Jumatatu. Mengine yote yalipita mbele yangu kama magari ya barabara kuu.

Alisimama, akaniangalia usoni, akingoja.

Nilitikisa kichwa. Alirudia jambo moja fupi, nyusi zikiwa juu. Nikatikisa tena. Akanyoosha mkono kuelekea barabara ya Nakuru, akarudisha kwake, akangoja. Nikatikisa mara ya tatu, kisha nikaweka faili juu ya ukingo wa tangi na kumwambia kwa ustadi mkubwa: Asante, rudi kazini. Alinishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Nakumbuka nilifikiri: wanawake hawa wana shukrani.

Jumatatu hakuja kazini. Wala Jumanne, wala Jumatano, wala Alhamisi. Supavaiza wake, mwanamume wa maneno mengi, alileta taarifa mezani kwangu: siku nne, bila ruhusa, katikati ya msimu. Nikaandika barua ya kumtaka ajieleze. Nikapanga kikao cha nidhamu. Yote hayo niliyafanya kwa mkono mtulivu, na ninaapa kwamba sikuhusisha jina lililo kwenye barua na mkono ulionishika kando ya tangi. Asiyesikiliza hana cha kukumbuka.

Kikaoni tulikuwa watano. Meneja wa pakihausi alikuwa mwenyekiti. Supavaiza alikuwa mlalamikaji. Mimi nilikuwa katibu na mkalimani. Mshtakiwa alikuwa na haki ya kuja na mfanyakazi mwenzake, naye alikuja na mwanamke kiziwi wa makamo, fundi wa kushona na kutia viraka aproni za shamba zima, ambaye karakana yake ilikuwa nyuma ya stoo. Nilikuwa nimemwona mara nyingi, lakini hakuwahi kunijia kuzungumza nami. Sasa najua sababu. Alikuwa ameniona nikizungumza na wenzake, na ikamtosha.

Meneja alisoma shtaka. Nikalitoa kwa ishara. Lilikuwa karibu na sentensi yangu ya ishirini na tatu. Kisha msichana akajibu.

Siku ile nilielewa kila kitu. Alizungumza polepole, kwa hasira iliyozuiwa, na kidole kinachokuelekea kifuani hakihitaji mwalimu. Nilikuomba. Wewe. Pale, tangini. Mtoto wangu, Jumatatu, hospitali, kupasuliwa. Ukasema ndiyo. Akaniigiza: kichwa chake kikashuka na kupanda, mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Haya boss, anasema nini?" meneja aliuliza.

Chumba kile kina dirisha moja, na siku ile lilikuwa limefungwa kwa ajili ya vumbi. Nakumbuka nililitazama.

"Anasema mtoto alikuwa mgonjwa," nilijibu. "Anaomba radhi."

"Hizo ni stori," supavaiza alisema. "Hawa msione wamenyamaza. Wanajua kujitetea kuliko sisi."

"Muulize, ruhusa aliiomba kwa nani?" meneja alisema.

Nilimgeukia msichana na kumpa sentensi niliyokuwa nayo. Una la kusema zaidi?

Alinitazama kama mtu anayetazama ukuta ulioanza kucheka. Fundi wa aproni alisimama. Alininyooshea kidole, akamnyooshea meneja, kisha akafanya kitendo ambacho hata mtoto angekielewa: aliandika hewani. Alitaka karatasi.

"Na huyu mathe anataka nini?" meneja aliuliza.

"Anauliza kama kikao kimeisha."

"Mwambie kimeisha."

Ndivyo msichana yule alivyoachishwa kazi. Sheria za kampuni zilimpa siku saba za kukata rufaa. Nilimwandikia hivyo kwenye barua, kwa lugha nzuri, nikatia sahihi.

Sitasema sikulala, wala kwamba sikula. Nililala na nikala. Nitasema tu kwamba nilijua tofauti kati ya kosa la ulegevu na kosa la kukusudia, kwa sababu nimewafundisha wengine tofauti hiyo kwa miaka mingi, na kwamba kati ya tangi la maji na chumba cha kikao nilikuwa nimevuka kutoka la kwanza hadi la pili.

Kesho yake, Jumatano, saa saba mchana, fundi wa aproni aliingia ofisini kwangu bila kugonga, akafunga mlango, akaweka daftari la shule mbele yangu. Ndani yake alikuwa ameandika yote, kwa Kiswahili cha sentensi fupi. Mwishoni aliandika hivi: Barua zote za wafanyakazi zinapita kwako. Nikimwandikia meneja, itapita kwako. Kwa hiyo nimekuletea wewe. Sasa utafanya nini?

Niliposoma mstari huo nilitikisa kichwa.

Sikudhamiria. Kichwa kilikwenda chenyewe. Yule mama aliinama juu ya meza yangu, akanishika kidevu kwa vidole viwili vilivyonuka mafuta ya cherehani, akakizuia. Alikishika hivyo muda mrefu. Mimi, baba wa watoto watatu, mzee wa kanisa, nilikaa kwenye kiti changu cha ofisi nikiwa nimeshikwa kidevu kama mbuzi anayetazamwa meno, na sikuthubutu kujinasua.

Alipoachia, alichukua kalamu yangu na kuandika: Kesho saa ya chakula. Karakana. Utajifunza maneno yake, uyaseme kwenye rufaa.

Nilimwandikia kwamba ingekuwa rahisi zaidi nimwambie meneja amlete mkalimani wa Nakuru. Alisoma, akaandika chini yake: Mwambie sasa. Akanielekeza mlango. Sikusimama. Alingoja kidogo, akatazama saa, akaandika: Basi kesho.

Hivyo nikapata masomo ambayo hakuna fomu ingeyabuni. Kila adhuhuri, kati ya marobota ya kitambaa cha kijani, mwanamke yule alinifundisha ushahidi dhidi yangu. Kila jioni alikwenda Karagita kwa miguu, akakaa na msichana, akayachukua maneno yake jinsi alivyoyasema, na kesho yake akaniletea mikononi mwake. Alisema kipande. Nilitakiwa kukirudisha kwa mikono yangu, chote, ndipo aseme kingine. Nikitikisa kichwa, kidevu. Ishara ya kwanza kabisa aliyonipa ni ile niliyoikataa juu ya duka la dawa: sijaelewa, rudia. Siku ya kwanza niliitumia mpaka mkono ukaniuma.

Katika masomo hayo nilijifunza pia jina langu. Wanawake wa meza ya pili walikuwa na ishara waliyoifanya kila nilipoingia: ngumi iliyoinuka na kushuka upesi juu ya kifundo cha mkono wa pili. Nilikuwa nimeamua kwamba maana yake ni afisa. Nilijitambulisha kwayo kwenye mikutano! Niliifanya mbele ya wageni wa ukaguzi, na meza nzima ikacheka kwa furaha, nami nikafurahi pamoja nao. Fundi aliniandikia maana yake bila kuinua uso. Ni mjusi yule mwenye kichwa chekundu, anayeota jua juu ya mawe, kichwa chini, kichwa juu. Viziwi humpa kila mtu jina la ishara, alieleza, na jina hilo haliombwi wala halibadilishwi kwa barua. Nilimuuliza kama lingeweza kusahaulika. Alinionyesha ishara moja fupi, akarudi kwenye mshono wake. Sijaelewa, rudia, nilimwambia. Alirudia. Ilikuwa: hapana.

Jumapili alinichukua hadi Karagita, kwa kuwa alisema maneno niliyajua na uso wa mwenyewe sikuujua. Msichana alikuwa akifua mlangoni. Aliponiona aliingia ndani, akakaa kitandani, akageuzia uso wake ukutani. Nilikuwa sijawahi kufikiri juu ya jambo hilo. Kiziwi akikunyima macho, hata ulie, hata uimbe, hakuna njia ya kumfikia. Nilisimama katikati ya chumba kile kidogo, mikono yangu ikiwa tayari na haina wa kuisoma, na nikaelewa kwa mara ya kwanza jinsi alivyokaa mbele yangu siku ya kikao.

Fundi aliketi mlangoni. Hakumgusa, hakumbembeleza. Ilipita kama nusu saa ndipo msichana akageuka, akaniambia yote tangu mwanzo. Mtoto wake wa miaka minne alilelewa na bibi yake Rongai. Mguu ulikuwa umevunjika na kuungwa vibaya. Ulipaswa kuvunjwa tena na kunyooshwa, hospitali Nakuru, Jumatatu. Bibi haandiki, sahihi ya mama ilitakiwa. Angeweza kwenda bila kuomba, alisema, kama wengi wafanyavyo. Aliomba kwa sababu aliambiwa ofisi sasa ina mtu anayeelewa.

Nilimwomba arudie mara tano. Alirudia. Nilipomaliza kumrudishia maneno yake, aliniuliza: Na huko utasema hivi? Nilijibu ndiyo, kwa mkono. Alitazama kichwa changu ili aone kama kimesimama.

Rufaa ilisikilizwa siku ya saba na meneja mkuu, mwanamke asiyependa mikutano. Watu wale wengine walikuwa walewale. Nilikuwa nimeapa kwamba nitaanza kwa kukiri, kabla ya neno lingine lolote. Nilisimama, nikazipanga karatasi zangu. Nikaketi. Naandika hili ili msomaji asinifanye shujaa: masomo ya karakana, Jumapili ya Karagita, na bado nilikaa.

Msichana alianza. Mkalimani ana kanuni yake, ambayo fundi alinifundisha kwa daftari: husemi "anasema kwamba", unakuwa mdomo wake, na "mimi" ya kwake inakuwa "mimi" ya kwako. Nikafungua mdomo.

"Mimi nilimwendea afisa wa wafanyakazi," nilisema, "Alhamisi, kando ya tangi la maji. Nilimwomba siku nne."

Meneja wa pakihausi aliinua uso.

"Nilimuuliza kama nimeruhusiwa. Afisa alitikisa kichwa. Nilimuuliza tena." Mikono yake iliongeza kasi. "Samahani. Sijaelewa. Namwomba arudie."

"Si wewe unajua hii lugha?" meneja mkuu aliuliza.

"Najua kuisema, Madam. Kuielewa ndiyo ninajifunza."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki iliyopita."

Hakuna aliyecheka. Msichana alirudia, nikaendelea. Nilisimama kuomba arudie mara kumi na moja. Nilizihesabu, kwa kuwa kila mara ilikuwa kama kuvua nguo moja mbele ya watu. Nilisema: "Afisa alitikisa kichwa mara tatu, akaniambia asante, rudi kazini." Nilisema: "Katika kikao cha kwanza nilimwambia afisa haya yote, naye hakuyasema." Sauti ilikuwa yangu, na kwa muda ule wote hapakuwa na pa kujificha nyuma yake. Ajabu ni kwamba ilikuwa rahisi zaidi kujishtaki kwa mdomo wa mtu mwingine kuliko kwa wangu. Sijivunii hilo. Ndivyo ilivyokuwa.

Alipomaliza, meneja mkuu akaniuliza, "Na wewe mwenyewe unasema nini?"

"Ni kweli yote, Madam. Sikuelewa, nikajifanya nimeelewa. Na kikaoni nilielewa, nikajifanya sikuelewa."

Supavaiza alipiga paja. "Yaani tumefuta mtu kazi kwa sababu ya kichwa cha afisa? Wueh!"

"Wewe nyamaza," meneja mkuu alimwambia. "Ulimwandikia siku nne bila kumuuliza chochote."

Msichana alirudishwa kazini siku hiyohiyo, na siku zake nne zikaandikwa kuwa likizo ya dharura. Mkalimani wa shati jeusi aliitwa tena kutoka Nakuru, na wanawake wa meza ya pili wakampokea kwa mikono iliyoinuliwa juu. Mimi nilipewa barua ya onyo. Kwa kuwa kuandika barua za onyo ni kazi ya ofisi yangu, niliiandika mwenyewe, nikaipeleka kutiwa sahihi, nikajikabidhi.

Mguu wa mtoto ulinyooka, nimesikia. Nimesikia kwa wengine, kwa sababu mama yake hazungumzi nami. Nikiingia pakihausi hunigeuzia mgongo, kwa utaratibu, bila uadui, jinsi mtu anavyofunga dirisha upepo unapovuma. Ni haki yake. Watu wa umri wangu na wa imani yangu hupenda kumaliza habari kama hizi kwa msamaha, na kwa kufanya hivyo humwongezea aliyekosewa kazi nyingine. Sijamwomba msamaha mara ya pili. Nilimwomba mara moja, aliona, ikatosha.

Na sijapona. Mke wangu akinieleza jambo nikiwa na gazeti, nahisi shingo ikianza safari yake. Kwenye mikutano ya kanisa, watu wakitaja mambo nisiyoyajua, nahisi kichwa kikishuka, na kuna nyakati hufika chini kabla sijakikamata. Tofauti ni kwamba sasa najua ni mlango gani unaofungwa, na sauti yake naisikia.

Bado nakwenda karakana kila Alhamisi saa ya chakula. Sina orodha. Mwalimu wangu huzungumzia anachotaka yeye: bei ya viazi vya Dundori, jirani yake mwenye jogoo mgomvi, ambaye kuwika kwake husumbua kila mpangaji wa ploti isipokuwa yeye, shule ya viziwi aliyosomea, bweni lao, wasichana waliopeana majina gizani kwa kugusana nyuso, kwa kuwa taa zilikuwa zimezimwa. Sehemu kubwa hunipita. Namwambia imenipita. Hurudia.

Jina lake lililo kwenye kitambulisho silitaji, kama ambavyo sikutaja la mtu yeyote hapa. Lakini lile alilopewa bwenini halina herufi, na hakuna karani anayeweza kulinakili, kwa hiyo naweza kuliacha mbele ya msomaji bila kumsaliti: kidole kidogo cha mkono wa kulia, kikishuka taratibu kutoka pembe ya jicho hadi kwenye shavu, kisha kiganja kufunguka.